Kitabu Chini ya Kidole

Kila chombo kipya huja na sifa zake zimetangulia mbele kwa vigelegele, na ila zake zikifuata nyuma kimya kimya. Kazi ya uhakiki ni kuzipokea zote mbili katika mlango mmoja, kuzipima kwa mizani ile ile, na kutoa hukumu isiyomwonea mfanyaji wala kumdanganya mnunuzi. Chombo kinachopimwa hapa ni kile cha kusomea vitabu pepe kwa kugusa skrini yake kwa kidole. Watu wengi hukijua kwa jina la Kindle, ingawa jina hilo ni la chapa moja tu kati ya kadha wa kadha. Swali si kama chombo hiki ni cha ajabu, maana ajabu yake hapana aikanaye. Swali ni hili: kinamwongezea nini, na kinampunguzia nini, mtu asomaye fasihi ya Kiswahili?

Yafaa kwanza kutenga mambo mawili ambayo huchanganywa mara nyingi, yaani skrini na mguso. Skrini hii si kama ile ya simu. Ndani yake mna vifuko vidogo mno visivyoonekana kwa jicho, na katika kila kifuko mna chembe nyeupe na chembe nyeusi zenye chaji za umeme zinazopingana. Umeme ukipitishwa, chembe za rangi moja hupanda juu na za rangi ya pili hushuka chini. Na maandishi yakisha kuonekana, hudumu pasipo kutumia umeme mwingine mpaka ukurasa ubadilishwe. Kampuni ya E Ink, iliyoundwa Marekani mwaka 1997, ndiyo iliyoufikisha wino huo sokoni. Mwaka 2004 Sony iliuza huko Japani chombo cha kwanza cha kusomea chenye skrini ya namna hiyo, na mwaka 2007 Amazon ikaleta Kindle ya kwanza kwa bei ya dola 399.

Mguso ulikuja baadaye, wala haukuja bila gharama. Kindle ile ya kwanza ilifunuliwa kurasa kwa vitufe. Sony ilipoleta chombo cha mguso mwaka 2008, ililazimika kuweka tabaka jingine juu ya skrini, na tabaka hilo likayafifiza maandishi: mkono ulipewa uhuru kwa hasara ya jicho. Mwaka 2011 dawa ilipatikana. Vyombo vya Kindle, Kobo na Nook vya mwaka huo vilizungushiwa miale isiyoonekana, ambayo ikikatizwa na kidole hujua mahali kilipogusa. Basi kioo hakikuhitaji tena utando wa kukizuia. Mwaka 2012 ikatoka Kindle Paperwhite, iliyotambua kidole kwa jinsi ncha yake inavyogeuza umeme mdogo wa kioo, na kuleta pamoja na hayo taa ya kumulika ukurasa kutoka pembeni. Tangu hapo umbo la chombo limetulia, na laweza kuhukumiwa kama jambo lililokomaa.

Sifa zake ni nyingi na za kweli. Skrini hii husomeka katika jua la adhuhuri chini ya mwembe, mahali ambapo kioo cha simu hugeuka kuwa kioo cha kujitazamia. Usiku humulika ukurasa bila kumtupia msomaji nuru machoni. Chaji moja hudumu kwa majuma, na hili si jambo dogo kwa mtu akaaye mahali umeme ukatikapo au usipofika kabisa. Chombo chenye uzito wa gramu 200 hivi hubeba maelfu ya vitabu, wala mchwa, mende na unyevu wa pwani, maadui wa kale wa maktaba zetu, hawana njia ya kuzitafuna kurasa zake. Tena yupo mzee ambaye macho yamemfifia akaacha kusoma kwa sababu herufi za vitabu vilivyopigwa chapa ni ndogo. Chombo hiki humkuzia herufi kadiri apendavyo, na kumrudishia starehe aliyokwisha kuiaga. Kwa sifa hiyo peke yake chombo kimestahili heshima.

Mguso nao una fadhila zake. Msomaji huweka kidole juu ya neno, na maana yake ikajitokeza. Hupitisha kidole juu ya sentensi, nayo ikatiwa alama. Huandika jina, na kila mahali lilipotajwa pakafunuliwa. Mwanafunzi wa Utendi wa Tambuka, ambao muswada wake wa mwaka 1728 ni miongoni mwa miswada mikongwe ya Kiswahili ijulikanayo, anao utenzi wa beti zaidi ya elfu moja. Kufuatilia jina la shujaa mmoja katika beti hizo kwa jicho tupu ni kazi ya siku kadha. Akiwa na nakala pepe iliyoandikwa vema, ni kazi ya dakika chache.

Ila za mguso zipo za aina mbili, ndogo na kubwa. Ndogo ni zile za mkono. Miale ile isiyoonekana haijui kidole ni kipi na nzi ni yupi, na mdudu akitua ukurasa hufunuka. Chombo kinachotambua kidole kwa umeme wa kioo nacho hubabaishwa na tone la maji au kidole kilicholoa jasho. Asomaye kwa mkono mmoja hana budi kusogeza kidole gumba juu ya maandishi kila mara, na kidole kikiteleza kidogo hujikuta sura nyingine. Kitufe kilikuwa na adabu: hakikufanya neno mpaka kimebonyezwa. Kipofu, ambaye angeweza kukipapasa kitufe, juu ya kioo laini hapati alama yoyote, asipokuwa na chombo kinachomsemesha kwa sauti. Ndiyo maana baadhi ya wafanyaji, kama Kobo katika aina yao ya Libra, wameviweka vitufe pamoja na mguso, na hapana shaka wamefanya vema.

Ila kubwa ni zile za lugha, na hapa ndipo uhakiki wa Kiswahili unapoachana na uhakiki wa Ulaya na Marekani. Fadhila ya mguso iliyosifiwa zaidi ni ya kamusi, lakini fadhila hiyo imejengwa juu ya tabia ya lugha fulani. Neno la Kiingereza kwa kawaida hubadilika mkiani, kichwa chake kikabaki pale pale. Kamusi hulipata bila taabu. Neno la Kiswahili hubadilika kichwani na mkiani pamoja. Msomaji akigusa "aliyemwandikia", kamusi haina kidahizo kinachoanza hivyo. Neno limekaa chini ya "andika", nyuma ya viambishi vinne. Akigusa "nyuso", maana iko kwenye "uso". Akigusa "meno", iko kwenye "jino". Tangu kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939, watunga kamusi wamepanga vitenzi kwa mashina, na msomaji alitarajiwa kulivua neno viambishi vyake kabla ya kulitafuta. Kazi hiyo aliifanya kwa akili, na kwa kuifanya alijifunza sarufi. Chombo hakiwezi kuifanya kwa kubahatisha. Hutafuta umbo lile lile lililoguswa, ama umbo ambalo mtunga kamusi amekwisha kuliorodhesha kuwa ni mtoto wa neno fulani. Na kitenzi kimoja cha Kiswahili kina watoto maelfu. Basi pasipo kamusi iliyotungwa kwa kuifuata sarufi hiyo, kidole huuliza na kioo kikanyamaza.

Ila ya pili ni ya ushairi. Mshororo wa shairi la kawaida una mizani 16, iliyogawanyika vipande viwili vya mizani 8, vyenye kina cha kati na kina cha mwisho. Mpangilio huo si pambo la ukurasa, bali ni sehemu ya shairi lenyewe, kwa maana jicho hukiona kina mahali sikio linapokisikia. Skrini ya kawaida, yenye sentimita 15 kutoka pembe hadi pembe, ikikuziwa herufi hukata mshororo mahali ambapo mshairi hakukata, na kina cha mwisho huanguka peke yake katika mstari wa chini kama mtoto aliyeachwa njiani. Yule mzee aliyesifiwa kukuziwa herufi asome hadithi yake vizuri ndiye huyo huyo anayeharibiwa shairi lake. Utenzi, ambao mshororo wake una mizani 8, husalimika zaidi. Baadhi ya vyombo huruhusu ukurasa ulazwe ubavu, na hilo hupunguza madhara. Lakini wachapishaji wangaliweza kuyazuia tangu mwanzo, lau wangalipanga kila kipande katika mstari wake.

Ila ya tatu yahusu urithi. Fasihi ya kale ya Kiswahili iliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na miswada mingi iliyohifadhiwa katika maktaba ya SOAS, London, imekwisha kupigwa picha za dijitali. Ni hazina kubwa. Ila picha ni picha. Chombo hakiwezi kuzikuza herufi zake na kuzipanga upya, wala kutafuta jina ndani yake, wala kujibu neno likiguswa. Mbele ya muswada wa namna hiyo, mguso wote unaosifiwa hubaki kuwa kazi ya kuvuta picha huku na huku juu ya kioo kidogo.

Limebaki suala la milki, nalo si la kidole bali la mkono mzima. Mwaka 2009 Amazon iliziondoa katika vyombo vya wateja wake nakala za vitabu viwili vya George Orwell, 1984 na Animal Farm, kwa kuwa aliyeziuza hakuwa na haki nazo. Wateja walirudishiwa fedha, na Jeff Bezos, mkuu wa kampuni, akaomba radhi. Radhi hiyo haikubadili jambo lililodhihirika, kwamba kitabu kilichonunuliwa chaweza kuchukuliwa usiku mwenyewe amelala. Mwaka 2025 kampuni hiyo hiyo iliondoa njia iliyowawezesha wateja kupakua faili za vitabu walivyonunua na kuzihamisha kwa waya. Fortunatus Kawegere aliifasiri Animal Farm kwa Kiswahili kwa jina la Shamba la Wanyama, ikachapishwa mwaka 1967. Aliyeinunua mwaka huo na kuitunza sandukuni angali nayo, na aweza kumrithisha mjukuu. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Na kitabu kilichouzwa kwa masharti ya kuazima hakijengi maktaba ya taifa.

Mtetezi wa chombo aweza kusema kwamba ila hizi nyingi si za chombo, bali za kamusi, za wachapishaji na za mikataba ya wauzaji. Maneno hayo ni ya haki, na ndiyo yanayoonyesha mahali pa kurekebisha. Kioo kimefanya sehemu yake. Kinamfaa sana msomaji wa riwaya na insha, na anayekinunua kwa ajili hiyo hatajuta. Kwa ushairi kinafaa nusu. Kwa miswada kinafaa kidogo. Na kwa kuhifadhi vitabu ili virithiwe hakifai peke yake, bali kiandamane na karatasi.

Lakini nusu iliyopungua haitajazwa na wafanyaji wa vioo, maana wao wanazihudumia kwanza lugha zenye soko kubwa. Kamusi inayolitambua shina chini ya viambishi, diwani iliyopangwa ili kina kisianguke, na miswada ya kale iliyonakiliwa herufi kwa herufi, hizo ni kazi za wanafunzi na wataalamu wa Kiswahili wenyewe. Usisafirie nyota ya mwenzio, walisema mabaharia wa pwani. Siku kazi hizo zitakapokamilika, kidole kitakachogusa neno la Kiswahili kitajibiwa. Na mpaka siku hiyo, lawama ya ukimya wa kioo haitakiangukia kioo peke yake.