Mota ni Safi, Sindano Je?

Technics SL-1200MK2 ilitoka 1979 na mpaka leo madijei wanaiapia. Haina mkanda. Mota iko chini ya sahani yenyewe, ukibonyeza tu inashika kasi. Kwa mota hiyo sina neno. Kitabu chake cha maelekezo kinataka matone mawili matatu ya mafuta kila baada ya saa 2,000, basi. Hata bodaboda inadai zaidi.

Shida ni sisi wenye mashine. Ukishaipata ya mtumba unaanza kuambiwa ubadilishe waya, mkono, miguu, hadi plagi. Mimi nilibadilisha waya. Tofauti sikusikia, lakini nilijiaminisha nimesikia, si pesa ilikuwa imeshaenda?

Sindano ndiyo sikugusa. Ilikuja na mashine, na sikujiuliza ilikuwa imecheza saa ngapi. Nikaishusha kwenye santuri ya babu, benga ya 45, zile wimbo unakatwa katikati na gitaa linamalizia upande wa pili. Kila jioni, karibu mwezi mzima. Sindano iliyoisha haipiti tu kwenye mfereji wa santuri, inauchonga. Sasa pale gitaa linapopanda kuna mkwaruzo kama bisi kwenye sufuria. Nimeweka sindano mpya, ya bei nafuu kuliko ile waya, na mkwaruzo bado upo.

Technics walirudi kutengeneza SL-1200 mwaka 2016. Santuri ya babu nimeitafuta hadi Kenyatta Market, wapi.

Anakuja Nairobi Disemba. Bado sijamwambia.