Vita vya Aleksanda Katika Kompyuta

Mchezo uitwao The Great Battles of Alexander ulikuwa kwanza wa ubao, mwaka 1991. Watungaji wake ni Mark Herman na Richard Berg. Mwaka 1997 ukatiwa katika kompyuta. Uzuri wake ni huu: kikosi hakishindwi kwa hesabu ya maiti, bali kwa kuvurugika safu zake hata kikakimbia. Katika ubao mchezaji mwenyewe alilinganisha silaha na silaha, akatupa dadu, akajua sababu ya mikuki mirefu ya Wamakedonia kushindwa. Kompyuta huhesabu upesi, lakini kwa siri. Ni msaada, sikatai. Ila mtu aweza kushinda Gaugamela asijue ameshindaje. Kwa mwanafunzi, nachagua ubao.