Mcheza Kwao Hutunzwa: Kilwa Katika Michezo ya Kompyuta

Kumbukumbu za michezo ya utotoni zina fasihi yake. Huko Marekani, watu waliokuwa wanafunzi katika miaka ya 1980 na 1990 huisimulia kwa mapenzi makubwa michezo ya kompyuta waliyochezeshwa shuleni ili wajifunze bila kuhisi kuwa wanafunzwa. Unaotajwa mno ni The Oregon Trail, uliotungwa mwaka 1971 huko Minnesota na vijana watatu waliokuwa wakisomea ualimu, Don Rawitsch, Bill Heinemann na Paul Dillenberger, kwa nia ya kufundisha safari za walowezi wa karne ya 19 kuelekea magharibi. Mwingine ni Where in the World Is Carmen Sandiego?, wa mwaka 1985, ambamo mchezaji humfuatia mwizi mji kwa mji, na kila mji humwachia fununu ya jiografia.

Mhakiki hana budi kuuliza: katika utamu wote huo wa kumbukumbu, ni kitu gani hasa kilichobaki? Picha za michezo ile zilikuwa duni. The Oregon Trail ya mwaka 1971 haikuwa na picha hata moja, kwani mashine ya wakati ule haikuwa na kioo, bali ilichapa maneno juu ya karatasi, naye mtoto akajibu kwa kupiga chapa. Na katika matoleo yaliyofuata, jambo linalokumbukwa na karibu kila aliyecheza ni sentensi moja fupi, ile ya kumwarifu kuwa amekufa njiani kwa kuhara damu. Picha zimechakaa, sentensi imedumu. Basi mchezo wa kufundisha, kabla ya kuwa kazi ya mafundi wa mitambo, ni utungo. Unastahili kupimwa kama utungo unavyopimwa: kwa lugha yake, kwa ukweli wake, na kwa kile unachokiacha kinywani mwa mtu baada ya miaka.

Watoto wa pwani ya Kilwa na Lindi hawakungoja kompyuta ili wapate michezo ya namna hiyo. Bao lina mashimo 32 na kete 64, na anayelijua huhesabu kwa jicho kabla mkono haujagusa kete. Pamoja na hesabu hupokea msamiati kamili: namua, mtaji, nyumba, kichwa, kimbi, kutakata. Kitendawili nacho ni shule ya sitiari, na kina kanuni moja ambayo wapenzi wa Carmen Sandiego wangeitambua mara moja. Aliyeshindwa kutegua huambiwa atoe mji. Hutaja Kilwa, au Lindi, au Mikindani, mtegaji akaupokea, akauringia, kisha ndipo atoe jibu. Kwa njia hiyo mtoto aliyekaa mkekani huzijua nchi, nazo nchi hukaa katika lugha yake mwenyewe.

Kilwa iliingia katika mchezo wa kompyuta wenye wachezaji dunia nzima mnamo Februari 2018, katika nyongeza ya Civilization VI iitwayo Rise and Fall, kazi ya kampuni ya Firaxis ya Marekani. Mchezo huu haukutungwa kwa ajili ya madarasa, lakini wako wengi waliojifunza humo historia kuliko walivyojifunza vitabuni. Humo Kilwa Kisiwani ni mojawapo ya maajabu ya dunia. Anayetaka kuijenga lazima awe na ardhi tambarare inayopakana na bahari, na akiisha kuijenga hupata wajumbe watatu wa kupeleka katika miji huru, na faida zaidi kadiri anavyoungwa mkono na miji hiyo.

Haki itendeke: hapa watunzi waliona jambo la kweli. Wangeweza kuifanya Kilwa ngome ya vita, au gofu la kutazamwa tu. Badala yake waliifanya chemchemi ya ujumbe na ushirika, na hivyo ndivyo ilivyokuwa Kilwa aliyoifikia Ibn Battuta mwaka 1331, siku za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ilipokuwa ikishika biashara ya dhahabu ya Sofala na kuelewana na bandari za mbali. Kijana wa Seoul au Chicago anayejifunza kwamba nguvu ya Kilwa ilikuwa katika mahusiano yake amefundishwa somo lisilo dogo.

Kasoro inaanzia pale mji ulipogeuzwa jengo. Katika mchezo huo, mfalme wa Ufaransa aweza kuijenga Kilwa Kisiwani kando ya Paris, nayo ikamtii. Kilwa haina watu, haina sauti, wala haina neno la kujieleza. Zanzibar imo pia, kama mji huru utoao mdalasini na karafuu tangu zama za kale, ilhali mikarafuu ilianza kupandwa Unguja katika karne ya 19. Mchezo wenyewe umetolewa kwa lugha nyingi, zikiwamo Kipolandi na Kikorea, lakini Kiswahili hakimo. Mtoto wa Kilwa Masoko, ambaye akisimama ufukweni huiona Kisiwani ng'ambo ya mlango wa bahari, akitaka kuucheza mji wa mababu zake hana budi kuingia kwa lugha ya mgeni.

Lugha ilipatikana kwingine, kaskazini mwa pwani hiyohiyo. Kati ya 2017 na 2019, shindano la Global Learning XPRIZE liligawa vishikwambi katika vijiji 170 hivi vya mkoa wa Tanga, kwa watoto wapatao 3,000, ili wajifunze wenyewe kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili. Mwezi Mei 2019 ushindi uligawanywa kati ya Kitkit School na onebillion. Watoto wengi ambao hawakuwa wakijua kusoma hata neno moja walianza kusoma, na kazi kama hiyo haibezwi. Hata hivyo, programu hizo ziliandaliwa ziweze kutumika kwa Kiswahili na kwa Kiingereza pia, na kwa hiyo somo lake halikuweza kufungamana sana na mahali. Civilization ina mahali bila ulimi, vishikwambi vya Tanga vilikuwa na ulimi bila mahali. Kitendawili kilikuwa na vyote viwili.

Wala haisemwi kuwa hakuna la kutunga. Taarikh ya Kilwa, iliyoandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 16, inasimulia kwamba Ali bin al-Hasan alikinunua kisiwa kutoka kwa mtawala wake kwa nguo za kutosha kukizunguka chote. Muuzaji alipotaka kurudi kwa vita wakati wa maji kupwa, akakuta mlango wa bahari umekwisha kuchimbwa kina. Hapo mna hesabu ya mzingo, mna elimu ya bamvua na maji mafu, mna hila, na mna swali zito la haki: je, aliyeuza alijua alichokuwa akikiuza? Mtunzi gani wa michezo angetamani zaidi?

Au tazama sarafu. Katika Civilization dhahabu ni tarakimu pembeni mwa kioo. Sarafu za shaba za Kilwa zilikuwa na jina la sultani upande mmoja na maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu upande wa pili, na maneno ya pande hizo mbili yalifungwa kwa kina kimoja, kama ukwapi na utao. Mtu aliyenunua samaki sokoni alitoa shairi mfukoni. Mchezo usiolijua hilo umeijua bei ya Kilwa tu. Na kusini kidogo, Lindi ilimtoa Abdul Karim bin Jamaliddini, aliyeitungia Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 utenzi. Malenga huyo alionyesha zamani kwamba msiba mkubwa wa watu waweza kuingia katika umbo lenye kanuni kali bila kupoteza uchungu wake. Mchezo nao ni umbo lenye kanuni.

Kuchelewa kuna gharama. The Oregon Trail ilipotolewa upya mwaka 2021, wanahistoria kutoka miongoni mwa wenyeji wa asili wa Marekani walishirikishwa ili kurekebisha jinsi watu wao walivyoonyeshwa. Ilikuwa imepita miaka 50, na vizazi vya watoto vilikwisha kuipenda safari ambamo wenye nchi walikuwa kivuli tu. Kumbukumbu tamu ni ngumu kuisahihisha, maana huingia moyoni kabla ya hoja. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini mwaka 2004, yakatolewa mwaka 2014 baada ya kazi ya kuyahifadhi. Mawe yalipata waashi. Maneno yanawangoja washairi na wafasiri wakae meza moja na mafundi wa programu, watunge mchezo ambao mtoto wa Kivinje ataukumbuka uzeeni kwa sentensi yake, na sentensi hiyo iwe ya Kiswahili.

Wahenga walinena kuwa mcheza kwao hutunzwa. Kwa sasa Kilwa inachezwa ugenini. Mji umekwisha kutolewa, umepokewa na walio mbali, na kwa kanuni ya kitendawili aliyepokea mji hudaiwa jibu. Jibu la Kilwa halimo katika kompyuta yoyote bado. Limo vinywani mwa wenye mji.