Mienge Ndani ya Maji

Filamu inaanza na jambo ambalo jicho linalikataa: moto chini ya bahari. Wapiga mbizi wanateremka kwenye buluu nzito, mienge ikiwaka mikononi mwao, na nyuma ya kila mwenge unapanda mkia mrefu wa mapovu. Hatujaonyeshwa nchi kavu wala chombo. Msimulizi anapoanza kusema, anatuarifu kwamba hawa ni watu walio kazini, na kazi yenyewe ni kupiga filamu. Ndiyo hiyo hiyo tunayoitazama.

Hii ni Le Monde du silence, Ulimwengu wa Kimya, ya Jacques-Yves Cousteau na Louis Malle. Mwaka 1956 ilipata Palme d'Or huko Cannes, Malle akiwa na umri wa miaka 23, na mwaka uliofuata ikachukua Oscar ya filamu za hali halisi. Zamani niliitazama kama mshabiki wa bahari. Siku hizi naitazama kama fundi anavyokagua nyumba iliyojengwa na fundi mwenzake, nikitafuta msumari umepigwa wapi. Na msumari wa kwanza ni ile mienge.

Maji yanakula rangi, na yanaanza na nyekundu. Mita tano chini, nyekundu imeshaanza kufifia; ukivuka mita kumi, kilichokuwa chekundu kinaonekana kahawia au kijivu, na kina kikizidi hata damu ya kidole chako utaiona ya kijani. Wengi wetu tunaanza kwa kufunga kichujio chekundu mbele ya lenzi. Kinasaidia pale jua linapofika, hasa ukiionyesha kamera kibao cheupe kila unapobadili kina ili ijue nyeupe ni ipi. Lakini kichujio hakiumbi rangi. Kinachofanya ni kupunguza buluu. Chini zaidi hakina cha kuokoa. Huko rangi inabebwa kutoka juu, kwa taa.

Sasa tazama taa ya Cousteau imekaa wapi. Imo ndani ya picha, mkononi mwa mhusika, mbali na lenzi. Nuru inakuja kutoka ubavuni na kwa nyuma, inachora mabega, mitungi na mapezi ya miguuni, na mbele ya lenzi maji yanabaki meusi na safi. Taa ikibanwa juu ya kamera, humulika kila chembe iliyo kati yako na samaki, kama dereva anayewasha taa kubwa kwenye ukungu wa Lushoto. Nilifanya hivyo mwenyewe Mnemba, siku ya bamvua, maji yamechafuka. Nilimfuata pweza kwa dakika nne, nikarudi na dakika nne za unga wa sembe. Tangu siku hiyo mtu akiniuliza anunue kamera gani, namjibu anunue taa mbili na mikono mirefu ya kuzishikilia. Kamera yoyote ya leo itamtosha.

Ufunguzi ule, basi, umetatua tatizo la ufundi na papo hapo ukalifanya tamthilia. Hapo ndipo filamu hii inapopata nguvu zake, na naona hivyo toka mwanzo hadi mwisho: ni nzuri kila vifaa vinapokuwa sehemu ya hadithi, na inaporomoka kila inapovificha au kuvisahau.

Chukua mwendo wa kamera. Mwaka 1943 Cousteau na mhandisi Émile Gagnan walitengeneza kifaa kinachompa mpiga mbizi hewa ya mtungini kila anapoivuta, bila mpira wa kumfunga na mashua. Ndani ya filamu uhuru huo hauhitaji kuelezwa kwa maneno. Kamera inapita juu ya matumbawe polepole, inazama, inazunguka, inapaa bila kustuka. Kamera za wakati ule zilikuwa makasha mazito nchi kavu, ila zikisawazishwa majini hazizami wala hazielei, na ule unene wenyewe ndio unaozifanya zitulie. Vijikamera vyetu vya kushikwa kwa vidole viwili vina kasoro ya wepesi: moyo ukidunda vinatikisika. Dawa ni fremu ya kushika kwa mikono miwili, na kuelea kwako kuwe kumekaa sawa kabla hujabonyeza kitufe. Wapo wanaobana pumzi ili picha itulie. Usithubutu. Anayepanda na hewa ya mtungi imebanwa kifuani anaweza kupasuka mapafu hata kwenye maji ya kina kifupi. Pumua taratibu, na picha ipande na kushuka pamoja nawe. Ukimtazama Cousteau kwa makini utaona na yake inafanya hivyo hivyo.

(Na kagua oringi, ile pete ya mpira inayoziba kasha la kamera. Kila mita kumi shinikizo linaongezeka sawa na uzito wa hewa yote iliyo juu yetu, na unywele mmoja chini ya ule mpira unatosha kuyapa maji njia. Kasha langu la kwanza lilijaa maji ya chumvi kwa unywele wangu mwenyewe.)

Kisha anakuja Jojo. Ni chewa mkubwa waliyemkuta kwenye kisiwa cha Assumption, Shelisheli, akawazoea kwa sababu ya mfuko wa nyama. Anavyojaa kwenye picha ni somo la lenzi. Maji yanapinda mwanga. Kioo bapa mbele ya lenzi kinakuza kila kitu kwa theluthi na kupunguza upana wa picha, ndiyo maana wapigapicha wanaotaka upana wao urudi huweka kioo cha kuba. Upana wenyewe si wa kuonyesha bahari yote. Ni wa kukuwezesha kumsogelea samaki hadi maji kati yenu yabaki kidogo, na bado aenee kuanzia mdomo hadi mkia. Jojo anasogea mwenyewe. Anasogea mno, anaharibu kazi, mpaka wanamfungia kwenye tundu ili samaki wengine walishwe. Baadaye mpiga mbizi anacheza naye walsi. Ni kituko, na ni kizuri, kwa sababu kinakiri kwamba kamera imekwenda kwa mwenyewe na mwenyewe ana la kusema.

Linganisha na mahali pale wanapolipua mwamba kwa baruti, eti wahesabu aina za samaki. Kamera imetoka majini. Inasimama juu, inawatazama samaki waliolazwa, na bunju anayejivimbisha hadi anakufa. Msomaji wa Tanga au Kilwa hahitaji kuelezwa baruti ni nini. Umbo nalo limekufa palepale: picha zimekuwa za kawaida, jua la kawaida, mtu juu na kiumbe chini. Ndivyo ilivyo pia papa wanapovutwa sitahani na kushambuliwa kwa mashoka, baada ya kumla mtoto wa nyangumi aliyejeruhiwa na rafadha ya meli ya wapigafilamu wenyewe, Calypso. Dakika chache kabla, kamera ilikuwa ndani ya tundu la chuma ikiwatazama papa wale wakila, na picha zile zinatisha kwa haki, maana aliyezipiga alikuwa miongoni mwao. Zile za sitahani ni hasira tu.

Kubwa ninalowalaumu ni sauti. Jina la filamu linaahidi kimya, lakini muziki haunyamazi na msimulizi anajua kila kitu. Tena bahari yenyewe si kimya. Weka sikio kwenye mwamba wowote ulio hai utasikia kamba wadogo wakialisha makucha kama mafuta ya moto kikaangoni, na pumzi yako inayovutwa na kutolewa. Sauti majini inakwenda kasi zaidi ya mara nne kuliko hewani, hata sikio lishindwe kusema inatoka upande gani. Kasha la kamera huziba mengi ya hayo, na kinachobaki wengi wetu tunakifuta na kubandika gitaa.

Filamu ina dakika 86. Mara ya pili utakapoitazama, zima sauti, na fuata taa tu.