Serengeti Isife, na Wenyewe Je?

Iko filamu ya Kijerumani ya mwaka 1959, jina lake Serengeti darf nicht sterben, maana yake Serengeti isife. Waliokwenda Ngorongoro huenda wameliona kaburi la mmoja wa walioitengeneza, rundo la mawe ukingoni mwa kreta. Huyo ni Michael Grzimek. Yeye na babake Bernhard, mkuu wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, walirusha ndege iliyopakwa milia ya punda milia, wakahesabu wanyama kutoka juu, wakapata zaidi ya 360,000. Januari 1959 ndege hiyo iligongana na tai, ikaanguka, na Michael akafa naye ni kijana wa miaka 24. Babake akaimaliza kazi, na mwaka 1960 filamu ikapata tuzo ya Oscar.

Kwa uzuri, ni nzuri. Na haja yake ilikuwa ya kweli. Sisi wa pwani, ambao wengi wetu twaijua Karatu kwa vitunguu vya Mang'ola tu, tukumbuke kuwa maji ya wakulima wale yanategemea misitu ya milima ya Ngorongoro. Basi mtu asidhani kuwa hifadhi ni mambo ya Wazungu na simba wao.

Walakini filamu hii ina ila, nayo imo katika ile hesabu. Nyumbu kahesabiwa, swala kahesabiwa, mtu hakuhesabiwa. Wamasai wapitapo ni kama sehemu ya mandhari. Na katika kitabu cha jina hilohilo Grzimek ameshikilia kuwa mbuga ya taifa isikaliwe na watu, hata wenyeji wake. Ajabu ni kuwa neno lenyewe Serengeti ni la Kimasai.

Mwaka 1958 wazee wa Kimasai walitia saini kuiacha Serengeti, na mwaka uliofuata ikaundwa Hifadhi ya Ngorongoro, wakaahidiwa kuwa humo wataishi na ng'ombe wao pamoja na wanyama. Mwaka 1974 wakatolewa ndani ya kreta. Tangu 2022 wengine wamehamishiwa Msomera, wilaya ya Handeni. Serikali yasema ni kwa hiari, na kwamba watu waliokuwa kiasi cha 8,000 mwaka 1959 sasa wanakaribia laki moja, na ardhi haiongezeki. Hoja hiyo si ya kubezwa. Lakini wako wanaolalamika kuwa huduma zilipunguzwa ili wachoke wahame, na mahoteli yangali pale pale ukingoni.

Kutenga malisho si jambo geni kwetu. Mtume (s.a.w.) alitenga hima ya Naqi' karibu na Madina, kwa farasi wa Waislamu. Sayyidna Umar (r.a.) alipomweka mlinzi wa hima yake, alimwagiza amruhusu mwenye ngamia wachache na mwenye kondoo wachache, na ayazuie makundi ya Ibn Auf na Ibn Affan. Sababu yake ilikuwa ya mtu ajuaye maisha: matajiri wale mifugo yao ikifa, wana mitende na mashamba, maskini akifiwa na mifugo atakuja mlangoni kwa khalifa na watoto wake. Pimeni kwa kipimo hicho, ni nani aliyezuiwa Ngorongoro na nani aliyeruhusiwa.

Kaburi la kijana yule silisemi. Kafa kazini, na mwaka 1987 babake alipofariki, majivu yake pia yalikuja kuwekwa hapo. Ila ndani ya kreta mna makaburi ya Wadatoga, walioishi humo kabla ya Wamasai, na mgeni hupitishwa karibu nayo akioneshwa faru.

Filamu itazameni pamoja na vijana, ina faida. Wasomaji wetu wa Tanga wana wepesi zaidi: Msomera iko mkoani mwao, na humo wamo wazee waliozaliwa Ngorongoro, wanaweza kuulizwa.