Mfupa Usiokauka

Kati ya mzizi wa jino na mfupa wa taya kuna utando mwembamba wa nyuzinyuzi, unene wake ukikaribia robo ya milimita. Nyuzi hizo hulibeba jino jinsi kitanda cha kamba kinavyombeba anayelala: linabonyea kidogo mtu anapotafuna, kisha linarudi mahali pake. Ufundi wote wa kupanga meno umejengwa juu ya nafasi hiyo ndogo. Jino likisukumwa kwa nguvu ndogo isiyokoma, utando hubanwa upande mmoja na kuvutwa upande wa pili. Pale ulipobanwa, seli maalumu huanza kula mfupa. Pale ulipovutwa, seli nyingine hujenga mfupa mpya. Baada ya wiki kadhaa shimo lililoushika mzizi limehama, na jino limehama nalo.

Kazi hiyo ya kula na kujenga haikuletwa na waya wa kupangia meno, wala haikomi utotoni. Mfupa wa binadamu hubomolewa na kujengwa upya maisha yote. Ndiyo maana mzee wa miaka 60 akivunjika mguu, mfupa wake huunga. Watu wazima wanaouliza habari za meno yao mara nyingi hukumbushwa kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Methali hiyo ni kweli kwa mambo mengi ya malezi, lakini mfupa wa taya haukauki. Jino la mtu wa miaka 45 husogea kwa njia ileile linavyosogea jino la mtoto wa miaka 12, ila huchelewa kuanza.

Kinachokoma ni kukua kwa taya lenyewe. Paa la kinywa cha mtoto lina mshono ambao haujafunga, nao unaweza kutanuliwa bila kisu. Taya lake la chini bado linarefuka, na fundi anaweza kuutumia urefukaji huo. Kwa mtu mzima milango hiyo kwa kawaida imefungwa. Taya lililochomoza sana, au lililobaki nyuma sana, halirekebishwi kwa waya peke yake. Litahitaji upasuaji, au meno yapangwe kwa namna itakayoificha tofauti ya mataya.

Kasi ya kawaida ya jino ni kama milimita moja kwa mwezi. Gego dogo likiondolewa ili kupata nafasi, huacha pengo la milimita 7 hivi, na kulifunga huchukua zaidi ya nusu mwaka. Tiba kamili mara nyingi humaliza mwaka mmoja na nusu hadi miwili. Anayedhani kwamba kuongeza nguvu kutaharakisha kazi hajauelewa mfupa. Utando ukibanwa mno hukosa damu, seli zake hufa, na jino hukwama hapo mpaka mwili uisafishe sehemu iliyokufa. Carl Sandstedt wa Sweden aliliona jambo hilo katika majaribio yake mwanzoni mwa karne ya 20. Nguvu kubwa ikiendelea kwa muda mrefu, ncha za mizizi hulika na kufupika, na mzizi uliofupika haurefuki tena. Kulihamisha jino zima pamoja na mzizi wake kunahitaji nguvu ya gramu 70 hadi 120. Kulirudisha jino la mbele ndani, kuelekea mfupani, ni gramu 10 hadi 20 tu, uzito wa vijiko vya chai viwili au vinne vya sukari. Hapo ndipo sifa ya ufundi huu inapoanzia: mkono wake umefundishwa kujizuia.

Ufundi wenyewe ni wa kale. Mroma Celsus, katika karne ya 1, alishauri kwamba jino la ukubwani likiota kabla la utotoni halijatoka, la utotoni ling'olewe, na jipya lisukumwe kwa kidole kila siku mpaka likae mahali pake. Mwaka 1728 Mfaransa Pierre Fauchard alieleza utepe wa chuma uliopindwa kama kwato ya farasi, wenye matundu ya kupitishia uzi wa kuyafunga meno. Kazi ilipata mfumo kwa Mmarekani Edward Angle, ambaye mwaka 1899 aliyagawa makosa ya mpangilio wa meno katika madaraja matatu, kwa kuangalia gego la kwanza la juu linavyokutana na la chini. Madaraja yake yanatumika hadi leo. Katika miaka yake ya mwisho alitoa kibandiko, yaani kifaa kidogo cha kuushikia waya juu ya jino, chenye mfereji wa pembe nne. Waya wa pembe nne ndani ya mfereji wa pembe nne hauzunguki ovyo. Ukisokotwa kidogo tu, huugeuza mzizi wenyewe ndani ya mfupa.

Angle aliamini kwamba kila jino lazima libaki kinywani. Mwanafunzi wake Charles Tweed aliifuata imani hiyo kwa uaminifu, kisha akaona meno aliyoyapanga yakianza tena kupandana na midomo ya wagonjwa wake ikichomoza. Akawaita upya wagonjwa wapatao 100, akawatibu mara ya pili kwa kuondoa magego madogo manne, na akayaweka matokeo yote mawili mbele ya wenzake. Wavumbuzi katika fani hii ni wengi, lakini kitendo hicho cha fundi kuonyesha hadharani kazi yake iliyoharibika kina heshima kuliko uvumbuzi wowote.

Fundi mwema hafungi waya siku ya kwanza. Huanza na fizi. Kijiti chembamba chenye alama za milimita huingizwa taratibu kati ya jino na ufizi, jino baada ya jino. Kina cha milimita 1 hadi 3 bila damu ni dalili njema. Kina kikizidi hapo, na ukoga ukiwa umeganda chini ya ufizi, ina maana mfupa unapotea, na kulisogeza jino katika hali hiyo ni kuuharakisha upotevu. Fizi hutibiwa kwanza, hata kama itachukua miezi. Mfupa uliokwisha kupungua haumzuii mtu kupangwa meno, mradi ugonjwa umetulia na nguvu itakayotumika ni ndogo zaidi. Kisha huja eksirei na chapa ya meno, na maswali ambayo mgonjwa huenda asione yanavyohusika: sukari, sigara, dawa za kuimarisha mifupa, ambazo baadhi yake hupunguza kabisa mwendo wa jino.

Vinywa vya watu wazima wa Afrika Mashariki vina historia yake, na fundi asiyeijua atakosea. Gego la kwanza la ukubwani huota karibu na umri wa miaka 6, nyuma ya meno ya utotoni, na wazazi wengi hulidhani la utotoni pia. Likioza hung'olewa. Miaka 20 baadaye jirani yake wa nyuma ameliinamia pengo kama mnazi uliozoeshwa upepo, na gego la taya la pili limesogea kulijaza. Kulisimamisha gego lililoinama, ili pengo lipate upana wa kuwekewa jino la bandia, ni kati ya kazi nzuri kabisa anazofanyiwa mtu mzima, ingawa anayemtazama usoni hataiona. Wengine walikatwa fizi wakiwa wachanga kwa imani ya “meno ya plastiki”: mtoto akiharisha au akipata homa, uvimbe wa kawaida wa jino la chonge ambalo halijaota huchokolewa na kutolewa. Mara nyingi kilichoharibika ni chonge ya ukubwani iliyokuwa chini yake. Fundi akimpata mtu huyo ana uamuzi mgumu wa kufanya, ama alivute gego dogo likae pahali pa chonge, ama aitunze nafasi kwa jino la bandia.

Upo pia mwanya. Pengo dogo kati ya meno mawili ya mbele ya juu husifiwa pwani na bara kuwa urembo, na wenye nalo wengi hawataki liguswe. Fundi anayeuziba mwanya kwa sababu tu vitabu vinataka meno yagusane ametibu kinywa kisichougua. Swali la kwanza kwa mtu mzima ni nini hasa kinamsumbua, na jibu lake lipewe uzito wote. Meno yaliyopangika hurahisisha mswaki, lakini hayamkingi mtu na kuoza. Anayeyasugua vizuri meno yaliyopandana humzidi kwa afya mvivu mwenye meno yaliyonyooka. Kwa hiyo watu wazima wengi wanaokata shauri huwa wanatafuta sura yao, na hilo linatosha. Aliyeziba mdomo kwa kiganja kila alipocheka tangu shuleni anajua anachokitafuta.

Siku ya kufunga ikifika, jino husuguliwa, huoshwa, hukaushwa. Asidi ya fosforasi hupakwa kwa sekunde 15 hadi 30, kisha huoshwa, na jino likikaushwa tena uso wake huwa mweupe usiong'aa, kama chaki. Weupe huo ni vitundu vidogo visivyohesabika ambamo gundi itajishika. Mbinu hiyo ilitokana na Michael Buonocore, aliyeichapisha mwaka 1955 baada ya kujua kwamba viwandani asidi hiyo ilitumika kufanya rangi ishike kwenye chuma; kabla yake kila jino lilivishwa pete nzima. Kwa waliokulia maeneo ya milima ya Meru na Kilimanjaro, ambako maji yana floridi nyingi na meno huwa ya kahawia, enameli, tabaka gumu la nje la jino, huikataa asidi, na fundi hurefusha muda wake. Kisha kibandiko hushikwa kwa kibano na kubandikwa katikati ya jino. Husogezwa unywele mmoja juu, unywele mmoja kushoto. Gundi iliyofurika kandoni hukwanguliwa, na taa ya buluu huigandisha. Kosa la nusu milimita hapo halionekani siku hiyo. Litaonekana miezi 10 baadaye, jino moja likiwa fupi kuliko mwenzake.

Waya wa kwanza ni wa mviringo, kipenyo chake milimita 0.36 hivi, wa mchanganyiko wa nikeli na titani. Mchanganyiko huo uligunduliwa katika maabara ya jeshi la majini la Marekani, na George Andreasen wa Chuo Kikuu cha Iowa akauingiza katika kazi ya meno mwanzoni mwa miaka ya 1970. Waya huo hukubali kupindwa kufuata meno yaliyopotoka, kisha kwa wiki nyingi hujirudisha polepole kwenye umbo lake, ukiyavuta. Waya mzito wa chuma cha pua huja mwishoni, na hapo ndipo koleo la fundi linapofanya kazi: mkunjo mmoja mdogo, waya unajaribiwa mdomoni, unatolewa, unakunjuliwa kidogo, unarudishwa.

Tatizo linalomkosesha fundi usingizi ni nanga. Aliye ndani ya mtumbwi akiuvuta mtumbwi mwingine kwa kamba, mitumbwi yote miwili husogeleana. Ndivyo ilivyo kinywani: magego yakitumika kuyavuta meno ya mbele nyuma, magego nayo huja mbele na kuimaliza nafasi iliyotafutwa kwa gharama. Siku hizi skrubu ndogo, yenye kipenyo cha milimita 1.5 hadi 2, huweza kukazwa kwenye mfupa wa taya na kuwa nanga isiyosogezwa na mvuto huo. Ikimaliza kazi hufunguliwa, na kitundu chake huziba chenyewe.

Wasiotaka waya uonekane wanazo trei za plastiki angavu, zilizoletwa sokoni na kampuni ya Align Technology, iliyoanzishwa California mwaka 1997. Mmoja wa waanzilishi wake, Zia Chishti, alikuwa amefungwa waya ukubwani. Trei huvaliwa saa 20 hadi 22 kwa siku na kubadilishwa kila wiki moja au mbili, kila moja ikilisogeza jino sehemu ndogo ya milimita. Kwa meno yaliyobanana kidogo ni njia nzuri. Kulizungusha jino la mviringo, au kulivuta litoke nje zaidi ya ufizi, plastiki huhangaika. Trei zinazotumwa kwa posta bila mtu yeyote kuzichungulia fizi za mwenye kuzivaa hazina haki ya kuitwa tiba.

Gharama ni kubwa, na wataalamu wako zaidi katika miji mikubwa. Anayeishi mbali na Dar es Salaam au Nairobi ahesabu pia nauli, maana atarudi kila baada ya wiki 4 hadi 8 kwa muda wote wa tiba. Asiyeweza kurudi asianze: waya ulioachwa bila mtu wa kuutazama unaendelea kusukuma.

Vibandiko vikitolewa, meno hutaka kurudi. Nyuzi za ufizi zilizonyooshwa huchukua hadi mwaka mzima kujipanga upya, na hata baada ya hapo meno ya kila mtu huendelea kusogea kidogokidogo kadiri umri unavyokwenda. Riteina ndiyo inayoyazuia: ya plastiki ngumu na waya, kwa muundo alioubuni Charles Hawley zaidi ya miaka 100 iliyopita, au ya plastiki angavu, au uzi wa chuma uliogandishwa nyuma ya meno ya mbele. Huvaliwa mchana na usiku kwa miezi ya kwanza, kisha usiku tu, na usiku huo hauna mwisho. Anayekata shauri la kupangwa meno akiwa mtu mzima akubali jambo hilo kabla ya jingine lolote. Fundi anayeijua kazi yake huchukua kipimo cha riteina siku ileile anapovitoa vibandiko, na hamruhusu mgonjwa kusafiri kabla haijawa tayari.