Namna ya Kuitambua Soba Njema

Ukiingia mkahawa wa soba nchini Japani, agiza kwanza zaru: tambi baridi za kijivu juu ya ungo wa mianzi, na kikombe cha mchuzi pembeni. Wageni wengi hukimbilia bakuli la moto lenye kamba wa kukaanga. Ni tamu, lakini mafuta na mvuke huficha kazi ya fundi.

Onja nyuzi mbili tatu bila mchuzi. Soba hutokana na mbegu ndogo ya pembe tatu isiyo na undugu na ngano, na unga wake haunyumbuki. Kuukanda na kuukata nyuzi nyembamba ni kama kusukuma chapati kwa unga wa mtama. Ndiyo maana mafundi wengi huchanganya sehemu nane za soba na mbili za ngano, mchanganyiko uitwao nihachi. Juwari haina ngano hata chembe, na huuzwa kwa fahari. Mimi sioni fahari hiyo ikiwa tambi zinakatikakatika kabla ya kufika kinywani. Heri nihachi ya fundi hodari. Tafuta kingo ambazo ulimi unazihisi, ukakamavu kidogo jinoni, na harufu ya nafaka iliyosagwa karibuni. Rangi isikuhadae. Sarashina, inayotokana na kiini cha mbegu, ni nyeupe na ina heshima yake; weusi mara nyingi ni ganda tu. Soba ya mavuno mapya ya vuli huwa na ukijani hafifu.

Kula mara inapotua mezani, maana haikawii kushikamana na kulegea. Wasabi, kile kiungo kikali cha kijani, ipake kwenye tambi, usiikoroge mchuzini. Mchuzi wa Tokyo ni mkali, hivyo chovya ncha tu, kisha vuta kwa sauti. Sisi tuliofunzwa kula kimya hushtuka, lakini hewa inayoingia pamoja na tambi ndiyo inayopandisha harufu puani.

Mwishoni huletwa birika la soba-yu, maji yaliyochemshia tambi. Yamimine kwenye mchuzi uliobaki, unywe polepole. Mchuzi ukishazimuliwa, harufu ya samaki wa jamii ya jodari aliyekaushwa kwa moshi inapaswa kuinuka wazi. Ukionja chumvi na sukari peke yake, basi mpishi alibana samaki.